Vipimo vya damu vya kutofautisha magonjwa ya filaria

Vipimo vya damu vya filaria ni vipimo vya maabara vinavyotumika kujua kama mtu ana minyoo ya filaria mwilini na, inapowezekana, ana spishi ipi na kwa wingi gani. Minyoo hiyo husababisha magonjwa kadhaa ya nchi za joto, yakiwemo matende na mabusha, usubi (huitwa pia upofu wa mtoni) na loiasi. Watoto wa minyoo hiyo, wanaoitwa mikrofilaria, hufanana sana wakitazamwa kwa haraka chini ya hadubini. Hata hivyo, dawa inayomfaa mgonjwa wa spishi moja inaweza kumdhuru vibaya, au hata kumwua, mgonjwa wa spishi nyingine. Kwa sababu hiyo haitoshi kusema kwamba mtu ana filaria. Ni lazima kujua ni filaria gani.

## Minyoo ya filaria

Filaria ni minyoo mviringo, myembamba kama uzi, inayoenezwa na wadudu wanaofyonza damu. Spishi nane hujulikana kuwa zinamwambukiza binadamu mara kwa mara. Minyoo wazima huishi katika mishipa ya limfu, chini ya ngozi au katika utando wa tumbo. Majike hawatagi mayai, bali huzaa mikrofilaria hai zinazoingia katika damu au katika ngozi. Mdudu akifyonza damu au majimaji yenye mikrofilaria, hizo hukua ndani yake hadi kuwa mabuu yanayoweza kumwambukiza mtu mwingine.

Spishi muhimu katika Afrika ni hizi:

* *Wuchereria bancrofti*: huenezwa na mbu, hasa wa jenasi *Anopheles* na *Culex*. Minyoo wazima hukaa katika mishipa ya limfu na kusababisha matende (uvimbe wa miguu au mikono) na mabusha (ngirimaji). Mikrofilaria zake ziko katika damu.
* *Loa loa*: huenezwa na nzi wanaouma wa jenasi *Chrysops*, ambao ni jamaa ya pange. Mnyoo mzima hutembea chini ya ngozi na mara nyingine huonekana akipita kwenye weupe wa jicho. Mikrofilaria ziko katika damu. Ugonjwa huitwa loiasi.
* *Mansonella perstans*: huenezwa na wadudu wadogo sana wa jenasi *Culicoides*. Watu wengi wenye mnyoo huyu hawana dalili zozote. Mikrofilaria ziko katika damu.
* *Onchocerca volvulus*: huenezwa na nzi wadogo weusi wa jenasi *Simulium*, wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi. Husababisha usubi, yaani mwasho mkali, kuharibika kwa ngozi na upofu. Mikrofilaria zake hukaa katika ngozi na macho, si katika damu.

Katika Asia kuna pia *Brugia malayi* na *Brugia timori*, ambazo husababisha matende. Katika Amerika kuna *Mansonella ozzardi*.

## Kwa nini ni lazima kutofautisha

Dawa tatu ndizo zinazotumika zaidi dhidi ya filaria: ivermektini, dietilkabamazini (kwa kifupi DEC) na albendazoli. Kila moja ina mahali pake.

DEC huua mikrofilaria haraka na imetumika dhidi ya matende tangu miaka ya 1940. Lakini mgonjwa wa usubi akipewa DEC, mikrofilaria nyingi hufa kwa pamoja katika ngozi na macho yake. Mwili hupambana na mabaki hayo kwa nguvu: mgonjwa hupata mwasho mkali, homa, uvimbe na kushuka kwa shinikizo la damu, na macho yanaweza kuharibika zaidi. Hali hiyo huitwa mmenyuko wa Mazzotti. Ndiyo sababu DEC haigawiwi kwa jumla mahali penye usubi.

Ivermektini ni dawa salama kwa wagonjwa wengi wa usubi, na kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure dhidi ya ugonjwa huo tangu mwaka 1987. William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2015 kwa kazi iliyoleta dawa hiyo. Hatari yake iko kwa watu wenye *Loa loa* nyingi mno katika damu. Mikrofilaria hizo zikifa kwa wingi ndani ya siku chache baada ya kumeza dawa, ubongo unaweza kuathirika. Mgonjwa huchanganyikiwa, hushindwa kusimama au kuongea, na anaweza kupoteza fahamu na kufariki. Hatari hiyo huwa kubwa hasa kwa mtu mwenye zaidi ya mikrofilaria 30,000 katika mililita moja ya damu. DEC nayo ina hatari ya namna hiyohiyo kwa wagonjwa wa loiasi.

*Mansonella perstans* huleta tatizo la aina nyingine. Ivermektini na DEC hazifanyi kazi vizuri dhidi yake. Mpimaji akiidhania kuwa *Wuchereria*, mgonjwa atapewa dawa isiyomsaidia, na ramani ya ugonjwa wa matende itaonyesha wagonjwa mahali wasipokuwepo.

## Historia

Mwaka 1866 daktari Otto Wucherer, aliyefanya kazi Bahia nchini Brazil, aliona mikrofilaria katika mkojo wa mgonjwa. Mwaka 1872 Timothy Lewis alizikuta katika damu ya watu mjini Calcutta, India. Mwaka 1876 Joseph Bancroft alimpata mnyoo mzima huko Brisbane, Australia. Jina la *Wuchereria bancrofti* linawakumbuka Wucherer na Bancroft.

Patrick Manson, daktari kutoka Uskoti aliyefanya kazi Amoy (leo Xiamen) nchini China, alionyesha mwaka 1877 kwamba filaria hukua ndani ya mbu. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwamba mdudu anayefyonza damu hubeba kimelea cha ugonjwa wa binadamu. Muda mfupi baadaye alieleza jambo lililobadilisha upimaji: damu ya mgonjwa yuleyule ilikuwa na mikrofilaria nyingi usiku na karibu hakuna mchana.

Mwaka 1891 Manson alieleza mikrofilaria nyingine, zilizoonekana mchana katika damu ya watu waliotoka Afrika ya Magharibi na ya Kati. Aliziita *Filaria diurna*, yaani filaria za mchana, akahisi kwamba ni watoto wa *Loa loa*. Mwanzoni mwa karne ya 20 Robert Leiper alionyesha kwamba *Loa loa* huenezwa na nzi wa *Chrysops*.

## Saa ya kuchukua damu

Saa ya kuchukua damu ni sehemu ya kipimo chenyewe. Katika sehemu kubwa ya dunia mikrofilaria za *Wuchereria bancrofti* hujaa katika damu ya pembeni, kama ile ya kidoleni, kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku. Mchana hujificha katika mishipa midogo ya mapafu. Mikrofilaria za *Loa loa* hufanya kinyume: huwa nyingi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri na kupungua sana usiku. *Mansonella perstans* huonekana usiku na mchana bila tofauti kubwa.

Mpangilio huo unalingana na desturi za wadudu. Mbu wanaoeneza *Wuchereria* huuma usiku, na nzi wa *Chrysops* huuma mchana. Katika visiwa kadhaa vya Pasifiki, ambako mbu wa jenasi *Aedes* huuma mchana, kuna aina ya *Wuchereria* inayopatikana katika damu mchana pia.

Saa inayofuatwa ni ya mwili wa mgonjwa, si ya ukutani. Mtu anayefanya kazi usiku na kulala mchana kwa muda mrefu anaweza kubadilisha mpangilio wa mikrofilaria zake. Vivyo hivyo msafiri aliyevuka bahari huhitaji siku kadhaa kabla mwili wake haujafuata saa za mahali papya. Majibu ya kipimo kilichofanyika saa isiyofaa hayana maana: damu ya mchana isiyo na mikrofilaria haithibitishi kwamba mtu hana *Wuchereria*.

Zamani wapimaji walitumia dozi ndogo ya DEC mchana ili kuzitoa mikrofilaria za *Wuchereria* katika maficho yake. Njia hiyo haifai mahali penye usubi au loiasi, kwa sababu za hatari zilizotajwa juu.

## Kipimo cha hadubini

### Tone nene la damu

Njia ya zamani na inayotumika bado ni tone nene la damu kwenye kioo. Damu ya kidole, kwa kawaida mikrolita 20 hadi 60, hutandazwa kwenye kioo na kuachwa ikauke. Kisha kioo huwekwa katika maji ili chembe nyekundu zipasuke na rangi yake itoke. Mikrofilaria hubaki. Kioo hupakwa rangi ya Giemsa au ya hematoksilini na kutazamwa kwa hadubini.

Kwa ukuzaji mdogo mpimaji huona kwamba kuna mikrofilaria, na kwa ukuzaji mkubwa huzitambua spishi. Kosa la kawaida ni kuishia hatua ya kwanza.

### Alama za kutofautisha

Alama kuu ni tatu: ala, viini vya mkiani, na ukubwa. Ala ni ngozi nyembamba inayoizunguka mikrofilaria kama upanga ndani ya ala yake, na hujitokeza kidogo kupita kichwa na mkia. Viini ni vidoa vyeusi vya seli vilivyojipanga ndani ya mwili. Mpimaji hutazama kama vinafika kwenye ncha ya mkia.

* *Wuchereria bancrofti*: ina ala. Mkia umechongoka na ncha yake haina viini. Mwili hujikunja kwa mikunjo laini. Urefu ni karibu mikromita 240 hadi 300.
* *Loa loa*: ina ala. Viini vinaendelea hadi ncha ya mkia. Mikunjo ya mwili ni mingi na isiyo na mpangilio. Urefu ni karibu mikromita 230 hadi 250.
* *Mansonella perstans*: haina ala. Ni ndogo na nyembamba, karibu mikromita 200. Mkia ni butu na viini vinafika hadi mwisho.
* *Mansonella ozzardi*: haina ala. Mkia ni mwembamba na viini haviufikii mwisho.
* *Brugia malayi*: ina ala inayopakika rangi ya waridi kwa Giemsa. Katika ncha ya mkia kuna viini viwili vilivyoachana na vingine.

Rangi ina mtego wake. Ala ya *Loa loa* haipakiki kwa Giemsa, bali kwa hematoksilini. Ala ya *Wuchereria* nayo mara nyingi haionekani vizuri kwa Giemsa. Mpimaji anayetegemea ala peke yake anaweza kusema kwamba kimelea hana ala, na kumwita *Mansonella*. Viini vya mkia ndivyo vinavyoaminika zaidi. Ni vizuri kutazama mikrofilaria kadhaa, kwa sababu mkia mmoja unaweza kuwa umekunjwa au umekatika, na pia kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na spishi mbili au tatu kwa pamoja.

### Kuhesabu

Katika loiasi idadi ni muhimu kama jina la spishi. Hesabu ni rahisi: mililita moja ina mikrolita 1,000, kwa hiyo idadi iliyopatikana katika mikrolita 20 huzidishwa kwa 50. Mtu mwenye mikrofilaria 8 katika mikrolita 20 ana karibu 400 kwa mililita. Mtu mwenye 600 katika kiasi hichohicho ana karibu 30,000 kwa mililita, na kwake ivermektini ni hatari.

Hesabu hiyo inaonyesha pia udhaifu wa tone dogo. Mtu mwenye mikrofilaria 10 tu kwa kila mililita atakuwa, kwa wastani, na moja katika kila matone matano ya mikrolita 20. Matone mengi yatakuwa hayana kitu, ingawa mtu huyo anaweza bado kuwaambukiza mbu.

### Kukusanya mikrofilaria chache

Ili kupata mikrofilaria chache, hupimwa damu nyingi zaidi kutoka mshipani. Katika mbinu ya Knott, mililita 1 ya damu huchanganywa na mililita 9 za formalini ya asilimia 2, kisha huzungushwa katika mashine na masimbi yaliyotuama hutazamwa. Njia nyingine ni kupitisha damu katika kichujio chembamba chenye matundu ya mikromita chache. Chembe za damu hupita na mikrofilaria hunaswa. Kichujio chenye matundu makubwa kidogo kinaweza kuachia *Mansonella perstans* kupita kwa sababu ya wembamba wake.

## Vipimo vya antijeni

Minyoo wazima wa *Wuchereria bancrofti* hutoa vitu vinavyoingia katika damu na kukaa humo usiku na mchana. Vitu hivyo huitwa antijeni. Kipimo kinachovitambua kimeondoa haja ya kuwaamsha watu usiku. Kwanza kilitumika kipimo cha kadi, halafu kikaja kipimo cha utepe. Kipimo cha utepe huhitaji mikrolita 75 za damu ya kidole, na majibu husomwa baada ya dakika 10. Utepe ukisomwa kwa kuchelewa unaweza kuonyesha mstari usio wa kweli.

Kipimo hiki kimekuwa chombo kikuu cha mipango ya kutokomeza matende. Hata hivyo kina mipaka mitatu.

Kwanza, kinatambua minyoo wazima, si mikrofilaria. Mtu aliyemeza dawa anaweza kuwa hana tena mikrofilaria katika damu, lakini kipimo kikaendelea kuonyesha antijeni kwa muda mrefu, kwa kuwa minyoo wazima hawajafa.

Pili, hakitambui *Brugia*. Katika Asia hutumika kipimo kingine.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwa Afrika ya Kati, kinaweza kudanganywa na *Loa loa*. Watafiti katika Kamerun na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikuta watu wenye *Loa loa* nyingi katika damu ambao kipimo chao kilionyesha antijeni ya *Wuchereria*, ingawa damu yao ya usiku haikuwa na *Wuchereria*. Kadiri *Loa loa* zilivyokuwa nyingi ndivyo uwezekano wa kosa hilo ulivyoongezeka. Matokeo yake ni kwamba wilaya yenye loiasi peke yake inaweza kuandikwa kuwa na matende na kupangiwa ugawaji wa dawa. Watu ambao kipimo kinawaonyesha kimakosa ndio haohao walio katika hatari kubwa zaidi ya kudhurika na ivermektini. Kwa hiyo mahali penye loiasi majibu ya antijeni huhitaji kuthibitishwa kwa damu ya usiku au kwa kipimo cha DNA.

## Vipimo vya kingamwili

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kimelea. Vipimo vya zamani vilitumia minyoo iliyosagwa na havikuweza kutofautisha spishi, kwa kuwa filaria zote, na hata minyoo mingine ya tumbo, zina protini zinazofanana. Vipimo vya siku hizi hutumia protini moja iliyochaguliwa:

* Ov16 hutafuta kingamwili dhidi ya *Onchocerca volvulus*. Kipimo hiki kimeleta usubi katika orodha ya magonjwa yanayoweza kupimwa kwa damu. Kabla yake njia kuu ilikuwa kukata kipande kidogo cha ngozi, kukiweka katika maji ya chumvi na kungoja mikrofilaria zitoke.
* Wb123 hutafuta kingamwili dhidi ya *Wuchereria bancrofti*.
* BmR1 hutumika kwa *Brugia*.

Kingamwili huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na kimelea. Hazisemi kama kimelea yupo sasa. Kwa mtu mzima aliyeishi miaka mingi kando ya mto wenye usubi, majibu chanya hayaelezi mengi. Kwa mtoto mdogo yanaeleza mengi, kwa sababu mtoto aliyezaliwa baada ya uenezaji kukoma hapaswi kuwa na kingamwili hizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu usubi unafuata wazo hilo: kabla ya kusimamisha ugawaji wa ivermektini hupimwa watoto walio chini ya umri wa miaka 10 kwa Ov16, na wenye kingamwili wanapaswa kuwa chini ya asilimia 0.1.

Wingi wa chembe nyeupe za aina ya eosinofili ni dalili nyingine inayoonekana katika damu ya wagonjwa wa filaria. Dalili hiyo hutokea katika magonjwa mengi ya minyoo na ya mzio, kwa hiyo haisaidii kutofautisha spishi.

## Vipimo vya DNA

Kila spishi ina mfuatano wake wa DNA. Kipimo cha PCR hunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kiweze kutambuliwa, na kinaweza kutofautisha *Wuchereria*, *Loa* na *Mansonella* katika tone moja la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Ni msaada mkubwa pale mtu anapokuwa na spishi zaidi ya moja. Mbinu iitwayo LAMP hufanya kazi inayofanana kwa joto moja tu, bila mashine ya kupandisha na kushusha joto, hivyo inafaa zaidi kwa maabara ndogo.

PCR nayo haikwepi suala la saa. Ikiwa damu ya mchana haina mikrofilaria za *Wuchereria*, mara nyingi haina DNA ya kutosha pia. Kipimo kizuri hakiwezi kukuta kitu kisichokuwemo katika sampuli.

## Kupima kabla ya kutibu: mfano wa Okola

Kwa miaka mingi maeneo yenye loiasi nyingi yaliachwa nje ya mipango ya ivermektini, hata pale ambapo watu waliteseka kwa usubi. Njia ya kwanza ya kuyatambua haikutumia damu. Iliitwa RAPLOA, na iliwauliza watu kama wamewahi kuona mnyoo akipita kwenye jicho. Jamii ambayo watu zaidi ya asilimia 40 walijibu ndiyo ilihesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Njia hiyo hupima jamii, haimpimi mtu mmoja mmoja.

Baadaye wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakishirikiana na watafiti wa magonjwa, walitengeneza LoaScope, hadubini ndogo inayoendeshwa na simu ya mkononi. Damu ya kidole huwekwa katika kijibomba cha kioo, kamera huchukua video fupi, na programu huhesabu mikrofilaria kwa kufuata jinsi zinavyozitikisa chembe za damu. Majibu hupatikana kwa dakika chache bila rangi wala mtaalamu wa hadubini. Chombo hakitazami viini vya mkia. Kinategemea kwamba mahali penye loiasi, mikrofilaria nyingi mno katika damu ya mchana ni za *Loa loa*.

Mwaka 2015 chombo hicho kilitumika katika wilaya ya Okola nchini Kamerun, ambako ugawaji wa ivermektini ulisimamishwa mwaka 1999 baada ya watu kupata madhara makubwa. Walipimwa watu 16,259. Wale waliokuwa na zaidi ya mikrofilaria 20,000 kwa mililita hawakupewa dawa. Walikuwa 340 tu, yaani asilimia 2.1. Watu 15,522, yaani asilimia 95.5, walitibiwa, na hakuna aliyepata madhara makubwa ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Yalionyesha kwamba si lazima kuinyima jamii nzima dawa kwa sababu ya watu wachache, mradi watu hao wajulikane kabla ya kumeza.

Mtu mwenye usubi pamoja na *Loa loa* nyingi anaweza kutibiwa kwa doksisiklini kwa wiki kadhaa. Dawa hiyo huua bakteria wa *Wolbachia* wanaoishi ndani ya *Onchocerca*, na bila bakteria hao mnyoo hushindwa kuzaa na mwishowe hufa. *Loa loa* haina *Wolbachia*, kwa hiyo haiguswi na dawa hiyo, wala mikrofilaria zake hazifi kwa ghafla. Aina nyingi za *Mansonella perstans* zina bakteria hao, na nchini Mali doksisiklini ilionyeshwa kuwa inafanya kazi dhidi yake.

## Hali katika Afrika ya Mashariki na Kongo

Namna ya kupima na kutibu hutegemea minyoo iliyopo mahali. Nchini Kenya matende yapo hasa pwani, na usubi ulitokomezwa katikati ya karne ya 20 kwa kuwaua nzi wanaoueneza. Loiasi haipo. Kwa sababu hiyo Kenya iliweza kutumia pwani mchanganyiko wa dawa tatu, yaani ivermektini, DEC na albendazoli, ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2017 kwa sehemu zisizo na usubi wala loiasi.

Nchini Tanzania matende yameenea zaidi ukanda wa pwani, lakini usubi pia upo katika maeneo kama Mahenge, Tukuyu, Ruvuma na milima ya Tanga. Kwa hiyo ugawaji wa dawa za matende umetumia ivermektini pamoja na albendazoli, bila DEC. Loiasi haienei nchini humo, na kipimo cha antijeni hakina tatizo la kudanganywa na *Loa loa*.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mambo ni magumu zaidi. Matende, usubi, loiasi na *Mansonella* vyote vipo, na katika baadhi ya sehemu hukutana. Kaskazini mashariki mwa nchi, ikiwemo Ituri, ni mojawapo ya maeneo ya loiasi. Mtu aliyehama kutoka huko kwenda nchi jirani huja na minyoo yake, ambayo inaweza kuishi miaka mingi. Mhudumu wa afya anapaswa kumwuliza ameishi wapi, na si anakaa wapi sasa tu.

## Kusoma majibu kwa pamoja

Hakuna kipimo kimoja kinachojibu maswali yote. Chukua mfano wa mtu mzima aliyeishi Ituri, ambaye kipimo chake cha antijeni kimeonyesha *Wuchereria*. Damu ya saa 6 mchana ina mikrofilaria 500 katika mikrolita 20. Damu ya saa 6 usiku ina chache tu. Viini vinafika kwenye ncha ya mkia. Hesabu yake ni 25,000 kwa mililita. Saa na mkia vinasema *Loa loa*, na antijeni huenda imetokana na wingi wa *Loa loa* hiyohiyo. Ivermektini na DEC hazifai kutolewa kwake katika ugawaji wa jumla, na anahitaji kuhudumiwa hospitalini.

Kinyume chake, mtu wa pwani ya Tanzania asiyewahi kuishi penye loiasi, mwenye antijeni na mwenye mikrofilaria usiku zisizo na viini katika ncha ya mkia, ana *Wuchereria bancrofti*. Na mtu mwenye mwasho na vinundu chini ya ngozi, ambaye damu yake ya usiku na ya mchana ni safi, anaweza bado kuwa na usubi, kwa sababu mikrofilaria za *Onchocerca* hazikai katika damu.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba kukosa mikrofilaria si sawa na kukosa minyoo. Watu wengi wenye *Loa loa*, hata baadhi ya wale waliomwona mnyoo jichoni, hawana mikrofilaria katika damu. Vilevile mgonjwa wa matende wa muda mrefu mwenye mguu uliovimba mara nyingi hana tena mikrofilaria, kwa kuwa minyoo walikwisha kufa na madhara katika mishipa ya limfu ndiyo yaliyobaki.

## Tazama pia

* Matende
* Usubi
* Loiasi
* Magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika
* Hadubini